Birika la Ami Faraj

Dirisha langu la juu linatazama ua wa msikiti, na kwa miaka kumi na tisa nilimwona Faraj bin Mabruki kila asubuhi kabla sijasema na mume wangu. Naliandika hili bila haya. Mume wangu Jaffar alikuwa akilala, na Faraj alikuwa akisugua.

Msikiti wenyewe ni mdogo, umejificha kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, na mgeni aweza kupita mara mbili asiuone. Uani mwake palikuwa na birika la zamani la mawe na chokaa, wazi juu, urefu wa hatua sita, kina chake kiunoni. Mvua iliponyesha juu ya paa ilishuka kwa mfereji ikaingia birikani, na watu wakachota kwa kata wakatawadha. Faraj ndiye aliyelitunza. Alipewa chumba kimoja kando yake, kidogo hata kitanda kilizuia mlango usifunguke wote, na kila Alhamisi alilikausha birika, akaingia ndani na kumbi la nazi mkononi, akalisugua mpaka kuta zikang'aa.

Mtaa wetu una watu wanaoweza kukutajia mababu saba bila kupumua. Faraj hakuwa na wa kumtaja. Babu yake aliletwa pwani akiuzwa, na jina la Mabruki lilisema hivyo kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Hakuna aliyemtukana, la. Siku za maulidi alikaribishwa kama wengine, ila sinia lake lilikuwa daima lile la karibu na viatu. Nilikulia katika mtaa huu na nilifika umri wa kuzaa watoto watatu kabla sijaliona jambo hilo, na nilipoliona nilinyamaza kama walivyonyamaza wote.

Kitu alichokuwa nacho Faraj ni neno lake. Hakusema uongo, hata ule wa kumfurahisha mgonjwa. Watu wawili wakigombana juu ya ukuta au mbuzi, mtu aliuliza, "Faraj kaona?" Akiambiwa kaona, ugomvi umekwisha. Nimewaona watu wa nasaba kubwa wakisimama mbele ya mzee yule mwenye kikoi kilichofifia wakingoja aseme. Hiyo ndiyo heshima yake, hakuwa na nyingine, na ninayoandika hapa ni namna ilivyompotea.

Juu ya birika ulikuwapo mti mkubwa wa mkungu. Faraj aliuchukia mti ule kama mtu anavyomchukia jirani mwenye kuku. Kila upepo ulileta majani, kila jani lilioza, na maji yakaingia ukijani pembeni. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, mwezi wa Januari, aliiomba kamati ya msikiti ruhusa akaukata. Siku tatu nilisikia shoka. Ulipoanguka, jua liliingia uani kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na Faraj akatazama juu dirishani kwangu akacheka.

"Mwanakuu mwanangu, waona? Sasa litakuwa safi kama sahani."

"Naona, Ami Faraj. Hongera."

Nilimwita ami kwa adabu, hakuwa ndugu ya baba yangu. Lakini siku ile nilimpenda kama ami wa kweli, kwa furaha aliyokuwa nayo.

Kisha masika hayakuja. Machi ikapita kavu, Aprili ikaanza kavu. Birika lilishuka hadi magotini, na Faraj akawa analijazia kwa ndoo kutoka kisima cha ua, ambacho maji yake yana chumvi, kama ya visima vingi vya mji huu ulio katikati ya bahari. Jua likapiga siku nzima. Naye alizidisha usafi. Badala ya Alhamisi peke yake akawa anasugua na Jumatatu pia, akapaka chokaa mpya, akaokota kila unyasi.

Ijumaa moja ya Aprili, asubuhi, nilikuwa dirishani nikitoboa kofia ya mume wangu, vile vitundu vya kudarizi tuviitavyo macho, nikasikia ukelele.

"Damu! Damu birikani!"

Nilichungulia. Faraj alikuwa amesimama na kata mkononi, na maji mbele yake yalikuwa mekundu. Si mekundu ya kutu wala ya udongo. Yalikuwa mekundu ya kuchinja, yameganda kandokando ya kuta palipokuwa peupe jana.

Na hapa niseme langu, maana hakuna mwingine atakayelisema. Sikushuka kumuuliza. Sikumwambia, "Ami, hebu tutazame vizuri." Nilivaa buibui langu, nikaenda moja kwa moja kwa Nana muuza mahamri pale pembeni, ambaye kumwambia yeye ni kuuambia mji, nikasema, "Faraj kasema mna damu birikani." Sikusema maji ni mekundu. Nilisema Faraj kasema. Nilijua neno lake lina uzito, nikajipamba nalo kama mkufu wa kuazima.

Hata adhuhuri ya Ijumaa ile hakuna aliyetawadha pale. Watu walitoka majumbani na udhu wao, wakapita mbali na birika wakiinua kanzu. Damu ni najisi, na maji yaliyobadilika rangi kwa damu hayana kazi tena msikitini. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua. Baadhi walisema kuku kachinjwa mle. Wengine walisema paka. Wengine, wenye akili za kwao, walisema ni mti uliokatwa unalia, na aliyeukata tunamjua.

Faraj alilikausha birika siku hiyohiyo. Alisugua mpaka magharibi, akapaka chokaa, akajaza tena kwa maji ya kisima. Baada ya siku tisa wekundu ukarudi, mkali kuliko wa kwanza. Akalikausha tena. Ukarudi. Viganja vyake vilipasuka kwa chokaa, naye akavifunga vitambaa ili asije kweli akatia damu katika maji yale. Niliona haya kumtazama, lakini nilimtazama.

Imamu wetu, Maalim Muhdhar, alikuwa mtu mwema mwenye sauti ndogo. Alimwita Faraj akamwuliza polepole, "Faraj, hini ni damu kweli, au ni mwani? Maana mwani ukiota majini, maji hayaharibiki. Vitabu vimesema. Kitu kinachozaliwa na maji yenyewe hakiyatoi katika utohara wake, hata yakigeuka rangi."

"Sijui, Maalim," Faraj akajibu. "Nalisema damu kwa kuwa naliona damu. Mwani naujua mimi, ni wa kijani."

Mtu mwingine angeshika kamba ile aliyotupiwa. Faraj hakujua kushika kamba asiyokuwa na hakika nayo. Basi Maalim akaandika barua kwa watu wa maji, na wiki ile akaja Seth Mutunga.

Seth alikuwa Mkamba kijana, si Mwislamu, aliyekaa mtaa wa Buxton na kufanya kazi katika maabara ya maji, mtu wa viatu vilivyopigwa rangi na maneno ya pole. Hakuingia msikitini. Alisimama kizingitini, Faraj akamletea maji katika chupa. Baada ya siku nne alirudi amebeba sanduku la mbao, na kwa kuwa hakutaka kuingiza chombo chake mahali pa ibada, mume wangu Jaffar, ambaye siku hiyo alikuwa macho, akamkaribisha dakani kwetu, kwenye ukumbi wa mlangoni. Alitoa darubini ya kutazamia vitu vidogo, akaiweka juu ya meza ya cherehani yangu.

"Mzee, tazama," alimwambia Faraj. "Hii si damu hata kidogo."

Faraj aliinama akatazama muda mrefu mno. Kisha akasogea kando, nami nikatazama. Niliona vipunje vya mviringo, vyekundu kama mbegu za komamanga, kila kimoja kimevaa koti nene. Ndani ya wekundu ule palikuwa na matone yanayong'aa, kama mafuta juu ya mchuzi.

"Ni mafuta kweli," Seth akasema. "Ni mmea huu, mdogo kuliko vumbi. Ukiwa na raha, maji matamu, kivuli, majani yaliyooza ya kula, una rangi ya kijani na unaogelea na kuzaana. Ukipata dhiki, mambo hubadilika. Maji yakipungua, yakiingia chumvi, jua likiuchoma, chakula kikiisha, huacha kuzaa. Hujifungia ndani ya koti, hujiwekea mafuta kama mtu anayejua njaa inakuja, na ndani ya mafuta hayo hutia rangi nyekundu. Ule wekundu ni mwavuli wake. Bila huo jua lingeuua."

"Kwa hivyo umo humo siku zote?" nikauliza.

"Pengine tangu birika lijengwe, mama. Ulikuwa wa kijani tu."

Kisha akauliza swali lake bila ubaya wowote, kama fundi anavyouliza. "Nani amekuwa akilisafisha?"

"Mimi," akasema Faraj, na nikaona mgongo wake unanyooka.

"Umelisafisha sana, mzee."

Alidhani anamsifu. Kisha akaeleza, na kila alichoeleza kilikuwa kazi ya mikono ya Faraj: mti uliokatwa, majani yaliyookotwa, kuta zilizosuguliwa, maji ya kisima. Faraj alisikiliza akitazama vitambaa viganjani mwake. Nilitamani Seth anyamaze. Nilitamani Jaffar alale. Mzee yule alikuwa ameyatesa maji yake kwa mapenzi mpaka yakageuka rangi, na sasa alikuwa anaambiwa hivyo mbele ya mwanamke wa jirani.

"Dawa yake?" akauliza mwishowe.

"Usisugue. Weka kivuli. Tia maji matamu ya bomba na majani kidogo. Yatarudi kijani. Nitaandika barua niseme si damu."

Usisugue! Ni sawa na kumwambia imamu asiswali. Lakini Faraj alitii. Alitandaza makuti juu ya birika. Alikwenda kwa miguu mpaka Kizingo, kwenye majumba ya wakubwa yenye miti mikubwa, akarudi na gunia la majani ya mkungu kichwani, yaleyale aliyokuwa akiyalaani. Alibeba maji ya bomba ndoo kwa ndoo kutoka barabarani. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha chumba chake mikono magotini. Siku za kwanza kila alipoona unyasi majini alinyanyuka, akakumbuka, akakaa tena. Watu walipita wakamwona amekaa. Hawakuwa wamewahi kumwona amekaa.

Siku ya kumi na nane maji yalikuwa kijani. Aliniita kutoka chini na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto.

"Mwanakuu! Shuka utazame! Yamerudi!"

Niliteremka nikatazama kutoka mlango wa ua. Yalikuwa ya kijani kweli, mazito kidogo, yenye utando pembeni na majani yaliyolowa. Kwake yeye ulikuwa ushahidi. Mimi niliona watakachokiona wengine, nikasema, "Alhamdulillahi, Ami."

Alasiri ile ile kamati ilikutana uani. Mwenyekiti alikuwa Kamaludin, mwenye duka la vitu vya kuuzia watalii Ndia Kuu. Simwiti mbaya. Alitaka mabomba kama ya misikiti mikubwa, na alikuwa ameyataka kwa miaka, na birika jekundu lilimjia kama zawadi. Mimi nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, na nilisikia kila neno.

"Kwanza damu, sasa uchafu," Kamaludin akasema. "Na mlinzi wake amekaa kizingitini mwezi mzima."

Maalim Muhdhar akasoma barua ya Seth, akaeleza habari ya mwani na kauli ya vitabu. Alieleza sawasawa. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na mtu mmoja akanong'ona kwa nguvu kuwa sasa tunafundishwa tohara na Mkamba wa Buxton, watu wakacheka, na kicheko kile kikaifunika barua.

"Mimi simtaki Mkamba wala kitabu," akasema Kamaludin. "Namtaka Faraj. Sote twajua Faraj haongopi. Faraj, siku ile ulisema ni nini?"

Faraj alisimama. "Nalisema damu."

"Na leo?"

"Leo nasema ni mwani. Nimeuona kwa mato yangu."

"Na siku ile uliona kwa mato ya nani?"

Kamaludin akainua vidole viwili.

"Basi uliongopa siku ile, au waongopa leo ili usipoteze chumba. Chagua moja."

"Sikuongopa," Faraj akasema. "Nalikosea."

Mtu aliyezoea kujitetea angejua la kuongeza. Angesema mimi nilipiga ukelele tu, nani aliyeutembeza mtaani kama ushahidi? Hakujua namna ya kumtupia mwingine mzigo. Alisimama pale na vitambaa vyake mikononi, akatazama uso mmoja baada ya mwingine, watu aliokuwa ameamua ugomvi wao kwa miaka kumi na tisa, na nikaona anatambua kuwa hakuna hata mmoja atakayesema, "Faraj kaona, basi."

Ningeweza kufungua dirisha. Ilikuwa kusogeza pazia tu na kusema: ni mimi niliyelibeba neno lile, hakunituma, alishtuka kama yeyote angeshtuka. Aibu yangu ingekuwa ya wiki moja. Niliishika kofia ya Jaffar mapajani, nikaitoboa, nikaharibu safu nzima ya macho, na sikufungua.

Birika lilijazwa kifusi wiki iliyofuata. Likamiminiwa saruji juu, yakawekwa mabomba sita ukutani na viti vya kukalia. Chumba cha Faraj kikawa stoo ya mikeka. Hakufukuzwa, mtu asiseme hivyo. Aliambiwa tu kwamba hakuna tena cha kutunzwa.

Alihamia mtaa wa Majengo, kwa mpwa wake, katika chumba kisicho na dirisha. Nilichukua mwaka mzima kwenda kumwona, na nilipokwenda nilibeba mkate wa sinia, kwa sababu mtu mwenye hatia hupenda kubeba kitu. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, amekonda mno. Kando yake palikuwa na kikopo cha maziwa ya unga.

"Shikamoo, Ami Faraj."

"Marahaba, mwanangu. Jaffar hajambo? Watoto?"

"Hawajambo wote, wakusalimu."

Tuliulizana hali mpaka hali zikaisha. Kisha akafungua kikopo. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu, kavu kabisa. Alilikwangua ukutani mwa birika, juu ya maji, palipobaki wekundu mkavu, usiku wa kuamkia kifusi.

"Seth alinambia laweza kukaa hivi miaka," akasema. "Kavu, bila chochote. Nikitia maji matamu siku chache tu latoka kotini mwake, likawa kijani. Nimejaribu. Kweli latoka."

"Mashaallah."

"Hebu nambie wewe, uliliona kwenye ile darubini. Hili ni nini?"

Nilitazama vumbi lile. "Ni mwani, Ami. Ni mwani tu."

Alifunga kikopo taratibu, akakibonyeza kifuniko kwa kidole gumba mpaka kikakaza.

"Ungesema hivyo siku ile," akasema.

Hakuwa na hasira. Alijua tangu mwanzo kwamba ni mimi niliyelibeba neno lake mtaani. Pengine Nana alimwambia, pengine aliniona tu nikitoka na buibui langu, maana alikuwa mtu wa kuona. Alikuwa amelijua jina langu wakati Kamaludin anamwambia achague, na hakulitaja. Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, na kwa kuwa hakusema uongo najua alinisamehe, na hilo halikunisaidia kitu. Kisha akaniuliza kama mabomba yale yanavuja.

"Mawili yanavuja," nikasema.

"Nalijua."

Alikufa mwezi wa Novemba, siku za mvua za vuli, mvua nyingi ambayo ingelijaza birika mpaka kufurika. Jeneza lilisindikizwa na watu wachache. Kikopo sikukiona. Mpwa wake alisema kulikuwa na kikopo cha kutu na wamekitupa.

Pale uani sasa watoto hucheza juu ya saruji, na kichochoro kimepata jina. Wakati wa Faraj hakikuwa na jina. Juzi alikuja mwanamke mgeni akitafuta nyumba ya fundi cherehani, yaani kwangu, ana kitambaa kwapani, amechoka na jua, akasimama chini ya dirisha langu.

"Samahani, bibi," akaniita. "Hapa ndipo kwa Birika la Damu?"

Nilikuwa na kofia mapajani. Nilimtazama, naye akangoja.

"Naam," nikamwambia. "Ndipo hapa. Panda."